Dawa ya Wafalme Yafika Benaco

Gidioni alipomwona mlinzi wa ghala akitema chokoleti na kujifuta ulimi kwa mkono wa shati, alijua umaskini wake umefika mwisho. Mtu mwingine angeona mlinzi aliyekunja uso. Gidioni aliona dawa.

Ulikuwa mwaka wa pili wa wakimbizi wa Rwanda, na kambi ya Benaco ilikuwa imegeuka mji mkubwa kuliko Ngara yenyewe. Mwenyeji yeyote mwenye kitu chenye paa alikuwa amekipangisha kwa mashirika ya misaada. Mzee mmoja alisemekana kulala jikoni ili banda lake la mbuzi liwe ofisi. Pesa zilitembea, na Gidioni alitembea nyuma yake bila kuzifikia. Alikwisha kuuza saa zisizo na mashine na nafasi kwenye foleni ambayo haikuwepo. Kila mara alitoka na hasara, ila mwenyewe alijiita mfanyabiashara, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kumsahihisha.

Chokoleti ile, nyeusi kama mkaa, ilikuwa ya Shibuda, utingo wa lori la Mwanza, aliyemwonjesha mlinzi. Alipewa katoni nzima na daktari mmoja Mzungu aliyekuwa akirudi kwao, pamoja na maelezo ambayo hakuyaomba.

"Anasema ni nzuri kwa moyo na mishipa ya damu, ukila kipande kidogo kwa siku," alisema Shibuda. "Na zamani, huko Meksiko, wafalme waliinywa hivi hivi chungu, wakitia pilipili. Mbegu zake ndizo zilizokuwa fedha. Unakwenda sokoni na mbegu, unarudi na bata mzinga."

"Na wewe umemwamini?"

"Mimi naamini sabuni. Una nini tubadilishane?"

Gidioni alikuwa na baiskeli. Kusema kweli, aliyekuwa na baiskeli ni Priscila, mkewe. Aliinunua kwa jasho la misimu miwili ya ndizi, na ndiyo iliyobeba mikungu yake kwenda sokoni. Gidioni aliruhusiwa kuisukuma kwenye milima. Lakini Priscila alikuwa kijijini Kaniha akimuuguza mama yake, na angerudi Jumapili. Gidioni akapiga hesabu zake: mpaka Jumapili atakuwa na baiskeli mbili, yake na ya mkewe, wataendesha bega kwa bega hadi kanisani. Picha hiyo ilimgusa mpaka karibu alie. Akatoa baiskeli, akabeba katoni.

Ijumaa alisimama sokoni na koti la marehemu baba yake. Vipande alivifunga kwenye majani makavu ya mgomba, maana karatasi zake za kung'aa zingewakumbusha watu pipi.

"Wazee shikamooni! Dawa ya wafalme wa Meksiko imefika! Kitamu ni cha watoto, chungu ni cha wafalme!"

Ajabu ya soko ni kwamba yale ya kweli ndiyo yaliyokosa wateja. Aliposema kipande kidogo kwa siku husaidia moyo, watu walipiga miayo. Aliposema mbegu zilikuwa fedha, muuza dagaa alicheka hadi akakaa chini. Basi Gidioni akaongeza ya kwake: inanyoosha mgongo, inarudisha usikivu, na ukimlisha mkwe bahili, anapunguza mahari. Hapo watu wakaanza kusukumana.

Wa kwanza alikuwa Bibi Eustakia, aliyepangisha nyumba yake yote mpaka kibaraza. Alipokea kipande, akakinusa, akakirudisha.

"Onja wewe kwanza, mwanangu."

"Bibi, mimi ni mzima."

"Nami nataka kubaki mzima. Kwetu anayetoa ndiye anayeonja. Au umekuwa mgeni hapa?"

Huwezi kumpa mtu pombe bila kuionja mbele yake, asije akafikiri umemtilia kitu, na Gidioni mwenyewe asingegusa kibuyu cha mtu bila utaratibu huo. Akauma pembe ya kipande. Bibi Eustakia akalitazama koo lake mpaka likapanda na kushuka, kisha akalipa.

"Na changu?" aliuliza mwanamke aliyefuata.

"Shangazi, katoni ni ile ile!"

"Mimi sili katoni. Nakula hiki."

Kufikia mchana Gidioni alikuwa amemeza dawa ya kutosha ukoo mzima wa kifalme. Moyo, ambao alikuwa akiwauzia wengine kinga yake, ulimgonga kifuani kama mgeni aliyefungiwa nje. Maneno yalimtoka kwa kasi mpaka yakapandana. Alikuwa amekula nusu ya bidhaa yake, na kilichoingia mfukoni kisingenunua hata gurudumu la mbele.

Ndipo akatokea Ndayisaba, mbadilisha fedha wa mpakani Kabanga, ndani ya suti ya kijivu, akisukuma baiskeli mpya.

"Kaka, nimekusikiliza tangu mwanzo," alisema kwa upole. "Kilichobaki nakitaka chote. Baba yangu alikufa kwa moyo, na wangu nao umeanza. Chukua baiskeli hii."

Kama Gidioni angeitikia tu, Priscila asingejua lolote na mimi ningekosa cha kusimulia. Mkono alikwisha kuunyoosha. Lakini Ndayisaba alishusha pumzi.

"Ndiyo, bora baiskeli. Hicho kingine hutakitaka."

"Kingine kipi?"

Ndayisaba alitazama huku na huku, akafungua kidogo mfuko uliofungwa nyuma ya baiskeli. Ndani mlijaa mbegu bapa, kubwa, za rangi ya udongo, zikinuka moshi.

"Fedha ya wafalme," alinong'ona. "Zimetoka Zaire. Uliposimulia habari zake nilishtuka, nikasema, huyu bwana amesoma!"

Tangu Gidioni aache shule darasa la nne, hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Macho yalimlowa.

"Jumatatu anapita mnunuzi wa Kampala. Mfuko mmoja, baiskeli tano," aliendelea Ndayisaba, mkono kifuani. "Lakini na moyo huu, mimi nitaiona Jumatatu?"

Gidioni akamwonea huruma, na tapeli akianza kuona huruma, kazi imemshinda.

"Nipe mbegu," alisema. "Mungu akuponye."

Ndayisaba, mtu wa desturi, alimwonjesha kipande kimoja zaidi kabla ya kupokea katoni. Kisha akapanda baiskeli na kupotea kwa mwendo mzuri sana kwa mgonjwa wa moyo.

Jumapili Priscila alifika amechoka, lakini ana zawadi. Alifungua jani kavu la mgomba.

"Nimekuletea dawa. Bwana mmoja mwenye suti alikuwa akiiuza kwenye kituo cha basi. Ya wafalme wa Meksiko. Tena anasema ukimlisha mkwe bahili..."

"...anapunguza mahari," alimalizia Gidioni kwa sauti ya mgonjwa. Uongo ule ulikuwa wake mwenyewe, na sasa ulikuwa umerudi nyumbani kwa bei ya mara tatu.

Alikimbilia mfuko. Priscila alichukua mbegu moja, akaisugua masizi, akaiuma.

"Haya ni maharage ya msaada. Mtu kayakaanga tu." Akatazama ukutani, mahali palipokuwa na alama ya magurudumu. "Gidioni, baiskeli yangu iko wapi?"

Alimweleza yote, kuanzia Meksiko. Priscila hakupiga kelele, na hilo lilimtisha kuliko kelele. Alilia kidogo, akafuta macho kwa kanga. Kisha akainjika chungu.

Hata wakimbizi waliyalaani maharage yale, maana yalikula kuni kuliko tanuru la matofali. Gidioni alikwenda kutafuta kuni tena na tena, mzigo kichwani. Nguvu ya kipande alicholetewa ilimsaidia kwenye milima. Jua lilipoinama, Priscila alipakua sahani moja iliyojaa, akaiweka mbele yake. Maharage yaligonga bati kama kokoto.

"Kwetu anayetoa ndiye anayeonja," alisema Gidioni, akijaribu mzaha.

"Kweli," alisema Priscila. "Na aliyeyaleta nyumbani ni nani?"

Akamsogezea kijiko, akakaa karibu, akalitazama koo lake.