Sindimba ya Kutafuta Mafuta

Jumatatu, 4 Oktoba 1976
Balozi wetu wa nyumba kumi, Polikarpo, amekuja asubuhi na uso wa sikukuu. Serikali inaondoa wasio na kazi mjini. Jumamosi lori linapita hapa Mbagala. Asiye na kibarua atapelekwa Rufiji akalime. Baraza lilijaa watu, akanitazama mimi tu! Nimemjibu kwamba mimi, Albano, sijawahi kukosa la kufanya. Naogopa sana jembe.

Jumanne, 5 Oktoba
Mungu si Athumani! Wapima mafuta wamefika. Nimepata kibarua cha kubeba nyaya. Wanatoboa shimo, wanalipua baruti, mwangwi unarudi kutoka chini kabisa, na mtambo ndani ya gari lao unauchora kwenye karatasi. Dereva wao, Gaspar, ameniambia wasipoona cha maana hapa, Alhamisi wanahamia Kisarawe na kuajiri watu wa huko. Alhamisi! Nimeelewa upesi. Ardhi ikitetemeka sana, mafuta yapo. Mafuta yakiwepo, nami nipo.

Jumatano, 6 Oktoba
Nimemwendea Bi Rosalia, kiongozi wa kikundi cha sindimba, ngoma ya Wamakonde. Nimemwamkia shikamoo mara mbili. Nikamweleza kwamba wageni wa serikali wanaomba ngoma ya heshima, nyuma ya mihogo, ianze baruti ikilia. Akauliza kwa nini nyuma ya mihogo. Nikasema wageni wana haya.
Baruti ikalia. Wamakonde wakikanyaga, wanakanyaga! Sufuria za majirani ziligongana. Injinia Kamugisha akatoka garini na karatasi, akiwaita wenzake waje kuiona. Nikajua tayari, mafuta.

Alhamisi, 7 Oktoba
Si mafuta. Kamugisha kasema karatasi imejaa miguu. Haoni mwamba wala mchanga. Lakini kazi yote inarudiwa, hawahami mpaka wiki ijayo! Nimepona.
Sijapona. Adhuhuri Bi Rosalia alikuja mwenyewe garini, kavaa kanga mpya, kuuliza kama ngoma aliyoiagiza Albano iliwapendeza wageni. Polikarpo alikuwepo. Mtu huyu hakosi mahali. Kamugisha hakufoka. Aliniomba tu niweke waya chini. Imeniuma, sifichi. Na nafasi yangu kapewa nani? Mkwewe Polikarpo!

Jumamosi, 9 Oktoba
Lori. Polikarpo kanipungia mkono. Sikumpungia. Nilikuwa nimekumbatia godoro.

Jumatatu, 11 Oktoba
Rufiji. Mbu wa hapa hawana adabu. Kijiji hakina maji safi, na mwenyekiti ameuliza kama kati yetu wageni yupo mwenye ujuzi wa ardhi. Nimesimama. Nimesema nimetoka kupima mafuta na serikali. Nimeletewa kiti! Jembe langu kapewa mwingine.
Nimelifikiria sana kosa la Mbagala. Wachezaji walikuwa wachache, tena wembamba. Kesho tunatafuta mahali pa kuchimba kisima. Nimeagiza kijiji kizima kije kukanyaga, wanene mbele.