Takwimu za Ngumi: Zaire, Zambia na Ubelgiji

Jumatatu, 4 Machi 1974

Siku njema sana. Kinshasa inaniita, ingawa yenyewe bado haijui.

Mkutano wa walimu saa nne. Mama Feza, prefe wetu, ndiye mkuu wa shule, alisoma barua ya inspekta. Kila shule ya sekondari hapa Lubumbashi iandike ripoti: yametokea mapigano mangapi tangu Septemba, na tukijilinganisha na shule za nchi nyingine tuko wapi. Ripoti bora itasomwa Kinshasa mbele ya wakubwa. Aliyeiandika ndiye atakayeisoma. Kwa ndege!

Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. Mimi Kasimu Yuma ni mkuu wa nidhamu. Kila ngumi ya shule hii hupita kwenye daftari langu. Lakini Citoyen Chomba (sote sasa tunaitwa Citoyen, yaani mwananchi) naye akanyoosha. Anafundisha jiografia, basi anadhani nchi zote ni mali yake. Mama Feza akasema tuandike wote wawili. Inspekta atakuja Ijumaa ya juma lijalo, tarehe 15, kuchagua.

Jioni nimehesabu daftari. Mapigano sitini na moja. Sitini na moja! Nikiipeleka Kinshasa hesabu hiyo, watanirudisha kwa miguu. Na hapo sijagusa fimbo yangu mwenyewe. Fimbo haihesabiwi. Fimbo ni somo.

Jumanne, 5 Machi

Nimegundua kosa letu. Tulikuwa tunaita kila kitu mapigano!

Nimeweka masharti ya kisayansi. Lazima wapigane wawili. Akipiga mmoja tu, yule mwingine amepata ajali. Damu isipoonekana, ulikuwa mchezo. Nje ya ua wa shule, hiyo ni kazi ya jiji. Siku ya mvua, watu wameteleza. Na huku kwetu mvua hunyesha tangu Novemba, Mungu ni mkubwa! Kufikia saa kumi na mbili, sitini na moja yalikuwa yamebaki manne.

Nilimsomea mke wangu Mwajuma tukila bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Akauliza kuhusu Mwansa. Huyo ni mwanafunzi wa mwaka wa nne, mtoto wa wakulima wa Lukafu. Wenzake humcheka anavyosema, kisha humpiga. Mwezi uliopita walimng'oa jino. Nikasema huyo alipata ajali, tena jino lenyewe lilikuwa la utoto.

"Baba Sudi," akasema, "uyu mutoto iko na miaka kumi na saba."

Mwajuma hakusoma takwimu.

Alhamisi, 7 Machi

Zambia! Chomba anatembea akijigamba kwamba shemeji yake anafundisha Ndola na atamletea hesabu za kweli za shule yake. Shemeji! Mimi natumia utafiti.

Nilikwenda kwenye maegesho ya malori. Nikampata Mwaba, dereva anayepeleka mizigo Kitwe kila juma. Nikamwuliza mapigano mangapi hutokea katika shule za Zambia. Akasema, "Mi sisimamake ku masomo. Mi nasimamaka ku bare." Basi nikamwuliza za baa. Akakumbuka siku moja ya mshahara, mapigano tisa kabla ya jua kuzama.

Je, waliopigana hawakusoma shule? Walisoma. Wapi? Zambia. Basi ni vurugu ya shule iliyochelewa. Tisa kwa siku, mara siku mia mbili za masomo. Zambia: elfu moja na mia nane.

Maskini jirani zetu. Nimewahurumia kwa moyo wote.

Jumamosi, 9 Machi

Ubelgiji imenitoa jasho. Nilimfuata Padri Dominique, mzee wa Kibelgiji anayetunza bustani ya misheni. Nikamwuliza walivyopigana shuleni kwao alipokuwa kijana. Akafikiri. Akasema kwa miaka sita aliona pigano moja tu, na aliyepigwa ni yeye, kwa ajili ya baiskeli.

Moja! Sisi manne! Haiwezekani. Nikamwuliza kama ana hakika. Akacheka mpaka akakohoa, nikamshikia kopo la kumwagilia.

Kisha akasema neno la maana: baada ya siku ile aliogopa muhula mzima, hata usingizini. Nikauliza muhula wao ni siku ngapi. Kama tisini, akasema. Nikamshukuru, nikaondoka mbio kabla hajarekebisha.

Ubelgiji: tisini, kila siku ya hofu pigano moja. Padri amesahau mengi, nimemsaidia.

Jumatatu, 11 Machi

Bahasha ya Ndola imefika. Chomba ameifungia kwenye meza yake, na ufunguo anautundika kwenye msumari ulio hapo hapo juu ya meza. Huyo ndiye anayetaka kwenda Kinshasa.

Wakati wa mapumziko nikafungua. Ndipo akaingia Bahati, kiongozi wa mwaka wa tano, msichana mwenye macho kama mlinzi wa mgodi. Akaniuliza kwa adabu kama nimekosea meza. Nikamwambia natafuta panya. Akatoka. Akarudi na paka.

Ikabidi nikae na yule paka robo saa, nikimwonyesha pembe za chumba. Lakini nimesoma! Shule ya Ndola: hamsini na nane. Na kwetu Chomba ameandika sitini na tatu, kwa sababu amehesabu yote ya daftari langu na kuongeza mawili aliyoyaona kwa macho yake. Tena ameandika majina. Jina la Mwansa limetokea mara kumi na moja.

Anataka kwenda Kinshasa kusema ukweli! Huyu mtu ni hatari kwa nchi.

Jumanne, 12 Machi

Hakuna kazi iliyofanyika. Fainali ya kombe la Afrika kule Cairo, Zaire na Zambia! Mama Feza alileta redio kwenye chumba cha walimu. Tuliongoza mpaka dakika ya mwisho kabisa, Zambia wakasawazisha. Mbili kwa mbili. Watarudiana Alhamisi.

Mamake Chomba ni mtu wa Ndola. Nilimwona akitabasamu. Nimeandika saa.

Alhamisi, 14 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umevimba.

Redio ile ile, chumba kile kile, wanafunzi wamejaa madirishani. Zaire moja. Zaire mbili! Tumekuwa mabingwa! Nilimkumbatia kila mtu, hata Chomba, na ningeishia hapo. Lakini akanikumbusha kwamba mpira tumewashinda, na ngumi za shule pia tumewashinda, sitini na tatu kwa hamsini na nane, na kesho inspekta atajua.

Nikamwambia aliyefurahi Jumanne arudi kwa mamake.

"Mama iko wa Ndola, mi nilizaliwa hapa!" akasema. "Na weye? Babu yako alifika toka Kasongo na mbuzi wawili!"

Mbuzi walikuwa wanne. Nikamsukuma. Akanipiga kofi. Nikampiga na ripoti yangu, iliyokuwa imeviringishwa. Akanipiga puani na ya kwake, iliyokuwa nene zaidi kwa sababu ya majina. Tukaangukia chai ya Mama Feza, kisha ramani ya Afrika, ikapasuka katikati. Madirishani wanafunzi walihesabu kwa sauti. Walifika ishirini na mbili.

Bahati ndiye aliyetumwagia ndoo ya maji. Mama Feza alisimama na kikombe kitupu. "Bakubwa bote bawili!" akasema. "Na batoto beko nabaangalia!"

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Ijumaa, 15 Machi

Tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi, mimi na pua, Chomba na jicho lililovimba, kama wanafunzi. Tukaitwa.

Inspekta Mukuka ni mtu mwembamba, suti safi ya abakosti, hana haraka. Alisoma ripoti yangu yote. Akasema aliishi Ubelgiji miaka minne, akaona ngumi mbili. Nikamweleza kwamba labda alikaa upande wenye amani. Akafika kwenye masharti. Akaniuliza kama jana ilinyesha mvua. Nikasema hapana. Akaniuliza kama waliopigana walikuwa wawili. Akatazama pua yangu muda mrefu, akachukua kalamu, akaandika pembeni: *matano*.

Kisha akachukua ya Chomba. Akaweka kidole kwenye jina. Huyu Mwansa, aliyepigwa mara kumi na moja, yuko wapi?

Mama Feza akanitazama. Nikafungua daftari la mahudhurio. Mwansa hajaonekana shuleni kwa siku kumi na mbili. Mimi nilishughulika na Zambia.

Nikafungua ukurasa mwingine. Huenda ni kosa la karatasi.

Uamuzi: hesabu za Chomba zitakwenda Kinshasa, lakini zitasomwa na Mama Feza. Chomba na mimi tutafagia ua kila Jumamosi, na kesho tutamfuata Mwansa. Pamoja. Hilo neno "pamoja" inspekta alilisema mara mbili.

Jumamosi, 16 Machi

Mwansa amehamia kwa mjomba wake Kunda, shambani upande wa Kinsevere. Tulipanda lori la makaa, Chomba na mimi, tukatazama pande mbili tofauti za barabara.

Tulimkuta akipalilia viazi vitamu. Chomba akaanza hotuba juu ya elimu na taifa. Mwansa akaendelea na jembe. Mwishowe akainua kichwa, akaona jicho lile na pua hii.

"Walimu nabo banapiganaka?" akauliza.

Tukakiri. Akacheka, mkono juu ya kinywa kuficha pengo. Akauliza nani alishinda. Tukajibu kwa pamoja, kila mmoja jina lake. Hapo akacheka mpaka akauondoa mkono. Lile halikuwa jino la utoto. Nimeliona pengo kwa karibu, siwezi kusema vingine.

Mzee Kunda hakucheka. Alituuliza nani atamzuia mtu kumpiga tena mtoto wa dada yake. Chomba akakohoa. Mimi nikasema: mimi. Nitasimama kwenye lango asubuhi na mchana, kila siku. Maneno yalitoka kabla sijayachunguza. Mzee akatupatia viazi, kila mmoja fungu lake.

Tuliporudi Chomba alinishikia fungu langu nikishuka kwenye lori. Sikumshukuru. Nitamshukuru Jumatatu.

Jumatatu, 18 Machi

Sikumshukuru, alikuwa na darasa.

Nilisimama langoni tangu saa moja. Mwansa alikuja. Wakati wa mapumziko wavulana wawili walianza kumzunguka, nikaenda kuketi kando yake kwenye ukuta. Tulikula viazi. Wale wakakumbuka shughuli nyingine. Kwa kweli ilikuwa rahisi kuliko kuhesabu.

Chomba na mimi tuliomba msamaha mbele ya shule nzima. Walipiga makofi kupita kiasi.

Saa nane Mama Feza aliniita. Alinikabidhi daftari jipya la nidhamu, karatasi nyeupe, jalada gumu. Akasema inspekta ataagiza ripoti nyingine mwezi wa Juni, na safari hii nchi zitakuwa sita. Akasema niandike kila pigano siku ile ile linapotokea, na jina la kila mtoto, bila masharti. Nikaahidi, mkono kifuani.

Nimetimiza. Leo mapigano matatu, na majina yote sita yako pale, kwa mwandiko mzuri ajabu.

Nimeyaandika kwa penseli. Mama Feza hakutaja wino. Na njiani kurudi nyumbani nimejinunulia raba ya kufutia, ile kubwa, ya kutosha nchi sita.