Jinsi Chef Grégoire Alivyoitoboa Katoni kwa Hatua Saba

Sogeeni, enyi watu wa Kasongo na Kabambare! Nanyi mnaochimba dhahabu Salamabila, wekeni chini makarai yenu. Enyi motari wa Wamaza, zimeni injini za pikipiki zenu. Na ninyi akina mama mliosimama kinuni, acheni michi hewani kidogo, maana yanayohadithiwa hapa si ya kusikilizwa kwa sikio moja. Ni habari za vita vikuu vilivyopiganwa na kidole kimoja cha shahada, mkono wa kuume, na jinsi kidole hicho kilivyotoka vitani kikiwa kimevimba, lakini kizima.

Alikuwako, na yuko hadi leo, Grégoire mwana wa Kasongo, chef, yaani mkuu, wa kituo kidogo cha polisi kilichoko njiani kati ya Wamaza na Salamabila; Grégoire mwenye tumbo linalotangulia amri zake, bwana wa kizuizi cha mwanzi, ambaye mbele yake hakuna motari aliyepita bila kuacha kuku ama mkungu wa ndizi kwa ajili ya usalama wa taifa. Kiunoni mwake ilining'inia rivolva ya kale, nyeusi, nzito, yenye ngoma ya matundu sita. Kwa miaka kumi na miwili rivolva ile haikulia hata mara moja, jambo ambalo halikumzuia mwenyewe kusimulia jinsi ilivyolia. Kila aliyekunywa naye alizijua habari za majambazi wanne aliowatimua peke yake porini Lusangi, na idadi yao ilipanda mwaka hata mwaka, hata wakawa kumi na mmoja.

Basi, siku moja ya kiangazi ikafika barua kutoka Kasongo. Commandant Placide, mkaguzi, atakuja baada ya wiki mbili; kila askari atapiga risasi tatu kwa hatua saba, na mbili lazima ziguse shabaha. Tena, na hapa ndipo damu ya shujaa ilipopoa, atapiga bila kuinua nyundo kwa dole gumba.

Asiyewahi kuishika silaha hiyo na aelewe: nyundo ya rivolva ikishainuliwa kwa dole gumba, kifyatulio huwa chepesi, ukikigusa tu imelia. Lakini ukikatazwa dole gumba, kidole cha shahada hubeba kazi yote peke yake: kivute mvuto mrefu, mzito, nyundo ipande, nyundo ianguke, na wakati wote huo mtutu usitikisike. Atakayeshindwa, ilisema barua, atakabidhi silaha na kiti. Na kiti cha Grégoire kilikuwa kimekwisha kupimwa kwa macho, miaka mitatu mfululizo, na msaidizi wake Bruno, mtu mwembamba asiye na haraka.

Shujaa akaondoka na risasi moja kati ya mbili kuukuu zilizobaki kituoni, akaenda nyuma ya nyumba yake palipo na ukingo mrefu wa udongo, akasimamisha katoni ya biskuti, akahesabu hatua saba, akatanua miguu kama anayezuia mto. Akavuta. Ardhi ikatetemeka, kuku wakatawanyika, na risasi ikaiacha katoni, ikauacha na ukingo wenyewe, ikalitoboa bati la choo.

Mkewe Marcelline, mshona nguo, akatoka na utepe wa kupimia shingoni.

"Baba Estelle, choo kimekukosea nini?"

"Mwanamuke!" akanguruma Grégoire. "Usiseme na mutu wa vita wakati anapima upepo! Mikono hii imeshika ulinzi wa inchi hii wakati wewe ungali unashona nguo za watoto!"

"Upepo gani? Angalia nguo kwenye kamba, hazitikisiki. Ni wewe unatikisika. Unafunga macho, halafu unavuta kama mutu anang'oa jino."

Grégoire hakula chakula chake siku ile; ama tuseme ukweli, alikila, lakini kwa hasira. Siku ya tatu akaja akasimama mbele ya mashine ya kushonea, kofia mkononi, macho sakafuni.

"Mama Estelle," akasema. "Nionyeshe."

Marcelline akasimamisha pedali. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kulisikia neno hilo kutoka kinywa kile, na kwa hiyo hakucheka, ingawa lilikuwa jaribu kubwa.

Aliichukua rivolva, akaifungua, akakagua matundu yote sita kwa jicho na kwa kidole, akaona yako matupu. Kisha akatoa kifungo cha shati, akakilaza juu ya mtutu.

"Elekeza kwenye ukingo. Vuta polepole, usisimame katikati, usikimbilie mwisho. Mimi mguu wangu haurukiruki kwenye pedali. Ukiruka, mushono unakatika. Nyundo ianguke, kifungo kibaki."

Ndipo vita vilipoanza. Siku ya kwanza kifungo kilianguka mara arobaini, na mara arobaini chef wa kituo, mbele ya kuku wake, akainama kukitafuta majanini. Siku ya nne kidole kikavimba, Marcelline akakipaka mawese. Siku ya sita kifungo kilisimama mara moja, kikitetemeka. Siku ya tisa kililala juu ya chuma kile kama kilichoshonwa hapo, nyundo ikipanda na kuanguka, ikipanda na kuanguka.

"Na waje sasa!" akapaza sauti Grégoire. "Na waje wote kumi na mmoja!"

"Ngoja kwanza," akasema Marcelline. "Sasa unajua iko tupu. Hakuna mutu anaogopa kitu kitupu."

Katika kabati la kituo mlikuwa na maganda matano ya risasi zilizokwisha kupigwa, yaliyowekwa kama ushahidi wa kesi ambayo hakuna aliyeikumbuka. Marcelline akayatia maganda yale ndani ya ngoma pamoja na risasi moja nzima iliyobaki, akaizungusha, akaifunga asijue yeye wala mumewe ile nzima iko wapi.

Grégoire akaelekeza, akavuta. Tak! Ganda. Lakini tazama: mtutu ulidonoka chini kama kuku anayedonoa mchele. Akavuta tena. Tak! Ukadonoka. Mara ya tatu vilevile. Mwili wake ulikuwa ukiinamia kishindo ambacho hakikuja, na sasa, kwa kuwa hakikuja, kila kitu kilionekana wazi. Grégoire akaishusha silaha.

"Ninaogopa," akasema.

"Ninajua. Radi ikipiga, ni nani anafunika kichwa na blanketi? Ogopa tu, baba, lakini kidole kiendelee. Usitazame katoni. Tazama kile kijino cha mbele cha mtutu. Mulio wenyewe ukushitue."

Akavuta. Tak! Mtutu ukatulia. Akavuta tena, polepole, macho kwenye kijino, na alikuwa angali akingoja kusikia ganda wakati dunia ilipopasuka mkononi mwake. Katoni ikawa na tundu.

Siku ya hukumu Commandant Placide akashuka kwenye pikipiki, vumbi hadi kwenye nyusi, akiwa na risasi sita ndani ya bahasha, ambazo Grégoire alizitilia sahihi mahali patatu. Kijiji kizima kikajipanga nyuma ya wapigaji. Mkaguzi akahutubia kwa nusu saa juu ya jamhuri, kisha akaamuru vita vianze.

Bruno alitangulia na rivolva ileile. Kwa mazoea dole gumba lake likaenda kwenye nyundo.

"Dole gumba!" akafoka mkaguzi, na watoto watatu wakalia.

Bruno akavuta kwa kidole, kwa pupa: udongo. Akavuta: udongo. Risasi ya tatu ikalikata bua la muhogo juu ya ukingo, muhogo ambao haukuwa na hatia yoyote.

Akasimama Grégoire. Risasi ya kwanza ikapotea, na Bruno akakitazama kiti kwa upendo. Ya pili ikaipata katoni pembeni. Grégoire akavuta pumzi. Umati ukamtoka machoni, na jamhuri, na kiti, kikabaki kijino cheusi cha chuma. Kidole kikaendelea. Katikati ya duara lililochorwa kwa mkaa kwenye katoni likafunguka tundu ambalo lingeweza kupitisha kifungo cha shati.

Vigelegele! Chef akabebwa na watu sita, wakamshusha haraka kwa sababu ya uzito.

"Nani amekufundisha?" akauliza Placide, kalamu mkononi.

Grégoire akamtazama Bruno, akautazama umati wote uliowajua majambazi wake kwa idadi.

"Marcelline, mon commandant. Bibi yangu. Anashona nguo."

"Mushona nguo hana grade, hana cheo," akasema mkaguzi, akaandika: *mafunzo ya ndani ya kituo, bora*. Akaandika pia kwamba usalama wa eneo umehakikishwa, akaondoka na kuku wawili, na rivolva ikarudi kiunoni, matundu yake sita yakiwa matupu hadi ukaguzi ujao.

Hivyo ndivyo taifa lilivyookolewa. Katoni ile imetundikwa kituoni, tarehe imeandikwa kwa mkaa, na mpaka leo kuna mama anayesema mwanawe alizaliwa wiki mbili baada ya Chef kutoboa katoni. Historia imeandika kwamba Grégoire hakufumba macho hata mara moja. Marcelline, anayebana pini midomoni wakati wa kushona na kwa hiyo husema machache, anasema risasi ile ya kwanza alifumba.