Unga wa Askari Katika Shimo la Ndizi

Jumanne, 9 Januari 1979

Leo nimekuwa mwoka mikate! Mwenyekiti wa kijiji aliuliza nani atawaokea mikate askari wetu, wanaopita hapa keshokutwa mchana kwenda vitani. Mkono wangu ulipanda kabla ya akili. Nikasema nilifundishwa na masista wa misheni. Si uongo sana. Nilikaa kwao wiki mbili, nikipasua kuni. Nimekabidhiwa unga wote wa ngano wa kijiji! Gaspari, yule mgambo mwenye bunduki ya mti, kaninong'oneza kwamba ukiharibika mimi ni mhujumu, na kamba ya kunifunga anayo. Wivu tu.

Jumatano, 10 Januari

Hamira hakuna. Duka la kijiji lina chumvi na jembe moja. Nimekwenda kwa Mama Odeta, mpika rubisi. Shikamoo niliivuta mpaka akacheka. Kanipa mashapo ya pombe yake nikandie unga. Kasema beseni nilifukie alfajiri katika shimo lake la kuivishia ndizi, mna joto zuri. Ila nisifunue! Eti unga ni kama mzazi anayejifungua, hauchunguliwi.

Alhamisi, 11 Januari

Saa tatu nilichungulia. Kidogo tu. Saa nne, tena. Unaumuka!

Saa tano kapita Gaspari, kasema ananusa pombe, mkate haoni. Damu ikanichemka. Nikafunua majani yote aone. Umevimba kama chura wa masika! Akauchoma kwa mtutu wake wa mti. Fuuu. Ukalala.

Mama Odeta kanipiga mwiko wa mgongo. Mara honi ya lori, barabarani! Gaspari akaanza kumfungua mbuzi kamba, anifunge mimi. Nikakatakata unga, nikaubandika juu ya mabati ya moto. Ukatoka bapa, mgumu kama kandambili.

Sajenti aliyeshuka katafuna. Katafuna tena. Akauliza nani kaoka.

Nikamnyooshea kidole Gaspari.

Sajenti akampa mkono! Kasema mikate laini hupondeka mkobani, hii itafika vitani mizima. Anataka mingine kwa lori la Jumatatu.

Ijumaa, 12 Januari

Gaspari ndiye mwoka mikate wa kijiji. Kaja kwa upole kuniuliza siri. Nimemwambia afunue mara kwa mara.

Jioni mwenyekiti kauliza nani anajua kushona sare za askari. Nilikuwa nimeshasimama. Kule misheni cherehani ilikuwepo. Niliiona mara mbili, dirishani.