Dakika Tano za Kupoza Turbo

Jumatatu, 5 Mei 2025

Kikao cha kamati ya harusi kwa dada Bernadeta, hapa Segerea. Ajenda: gari la bibi harusi. Mwanawe Herieth anaolewa Jumamosi. Mimi ndiye mjomba, na kwetu kusini mjomba si mtu wa kukalishwa kiti cha nyuma. Nikatoa Foresta langu. Shemeji Brightson, mume wa mdogo wangu Sesilia, akatoa gari lake jipya, jeupe, bado linanuka plastiki. Wajumbe wakaanza kuchungulia dirishani. Hali mbaya.

Nikasimama. Nikawaeleza kwamba magari yote mawili yana turbo, ile feni ya kusukumia injini hewa, nayo hupata moto kama jiko. Ukizima ghafla, oili inaungulia humo humo. Mwenye akili huiacha injini ingurume dakika tano, ndipo azime. Nikauliza, kwa upole, kama kuna aliyewahi kumwona Brightson akipoza.

Brightson akajibu kwamba turbo za siku hizi zina maji ya kuzipoza, na kwa matuta na mashimo ya Segerea mtu anafika nyumbani akitambaa, turbo imeshapoa njiani. Labda utoke Morogoro mbio, ndipo ungoje kidogo. Eti imeandikwa kwenye kitabu cha gari. Nikasema bibi harusi hapandi kitabu.

Wakacheka. Uamuzi Alhamisi.

Jumanne, 6 Mei

Kampeni imeanza. Napoza mbele ya geti la dada, waone. Nakaa wima, mikono kwenye usukani, natazama mbele. Chausiku wa nyumba ya pili kaja kusema moshi unaingia kwenye kanga alizoanika. Nikamweleza habari za turbo. Akauliza, kwani ikizimwa inalia?

Mke wangu anasema mambo ya turbo hayajui, anachojua nakaa humo kukwepa kuteka maji. Kuna ukweli kidogo, ila si wa kitaalamu.

Jumatano, 7 Mei

Taa ya mafuta imewaka. Shauri ya kupoza kwingi. Nikaingia sheli, njia ya Vingunguti. Mhudumu akaomba nizime injini. Nikamwomba avute subira dakika tano. Nyuma yangu honi. Nikashuka kuwaelimisha. Dereva wa bajaji akauliza, "Braza, hiyo gari ina homa?" Watu wakaangua kicheko. Msimamizi akaja, akanionyesha bango lenye picha ya injini iliyopigwa msalaba. Nikaondoka na heshima yangu, bila mafuta.

Si kitu. Taa ikiwaka bado yamo ya kutosha. Kila dereva mzoefu anajua.

Alhamisi, 8 Mei

Ushindi! Na hotuba yangu sikuitoa hata mfukoni. Herieth mwenyewe alisimama mbele ya kamati, akasema anataka mjomba ndiye ampeleke kanisani, na ndiye amshike mkono kumwingiza, maana baba yake hatunaye tena. Akasema hata kwa bajaji angepanda, ili mradi ni mjomba. Kipande cha bajaji sikukipenda. Lakini machozi yalinitoka. Nikasema ni vumbi, na nje mvua inanyesha.

Brightson alipiga makofi kuliko wote. Ana jambo.

Ijumaa, 9 Mei

Gari limeoshwa likang'aa. Riboni kila upande, na ua kubwa kwenye boneti. Nimelisogeza chini kidogo ili lisiuzibe ule mdomo unaoingizia turbo hewa. Fundi wa mapambo alinung'unika. Hajui mambo.

Brightson kapita, kauliza kama nimejaza mafuta. Anataka kunichanganya. Nikaendelea kukaza riboni.

Jumamosi, 10 Mei

Tulifika kanisani mapema. Nikaanza kupoza, Herieth kiti cha nyuma na shela lake, matarumbeta yakipulizwa masikioni mwetu. Msimamizi wa harusi akagonga kioo: padri anangoja. Nikasema bado kidogo. Akagonga tena. Herieth akasema, "Mjomba, twende tu jamani." Nikashuka, nikamshika mkono. Tukaingia. Kwa matarumbeta yale, hakuna binadamu ambaye angesikia kwamba injini bado inanguruma.

Misa ndefu. Kwaya mbili. Padri alihubiri uvumilivu.

Tukatoka. Vigelegele, maua yanarushwa. Nikawafungulia maharusi mlango kwa madaha, nikakaa, nikazungusha ufunguo. Likakohoa. Tena. Likakohoa. Taa ya mafuta ikanitazama. Matarumbeta yakaanza kunyamaza, moja baada ya jingine.

Herieth akanigusa bega, akasema si neno, mjomba. Wakahamia gari jeupe. Brightson hakunicheka, na hilo ndilo liliniuma. Akalifungua ua taratibu kwenye boneti langu, akalifunga kwenye lake, wakaenda. Nikabaki uwanjani na mpiga tarumbeta aliyekosa nafasi kwenye pikapu ya wenzake. Nimeona aibu. Nililia, na safari hii mvua haikuwepo.

Jumapili, 11 Mei

Nimempigia Sadallah, aliyeniuzia gari, kumlaumu kwamba turbo yake inakunywa mafuta. Akauliza turbo ipi. Akasema gari lile halijawahi kuwa na turbo tangu lizaliwe. Ule mdomo wa boneti aliununua yeye kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani, akaubandika kwa gundi, urembo tu.

Nikatoka nje, nikauvuta. Ukatoka, pamoja na rangi.

Jumamosi, 17 Mei

Herieth kapiga simu. Leo wanarudi na mumewe kutoka fungate Zanzibar, kwa ndege. Brightson alijitolea kuwapokea, yeye kakataa. Kasema, "Mie nataka mjomba." Nimekata simu, nikachukua ndoo nikaoshe gari.

Safari hii sirudii makosa. Nimefikiri wiki nzima. Ikiwa gari lenye turbo, lenye maji yake na kila kitu, linapozwa dakika tano, basi lisilo na turbo, maskini, lisilo na wa kulisaidia, lipozwe kumi. Brightson hawezi kulijua hili. Kitabu chake ni cha magari yenye turbo.

Naandika nikiwa maegesho ya uwanja wa ndege. Mdomo nimeubandika upya, gundi ya maana. Injini inanguruma vizuri. Ndege yao imechelewa, kwa hiyo muda wa kupoza ninao tele. Na mafuta hayanitishi: taa imewaka leo asubuhi tu.