Mjumbe wa Kamati ya Lifti

Jumatatu, 3 Machi

Nimechelewa tena. Dakika ishirini na mbili! Mji wenyewe kiganja tu, lakini nyumba yangu iko bondeni, chuo kiko juu kilimani, na ofisi ya msajili, ninakofanya ukarani, iko ghorofa ya tatu. Gari sina. Basi la asubuhi linakwenda zake mji mkubwa, chuoni halipandi. Pikipiki siipandi tangu ile iliyonimwaga mtaroni pamoja na vyeti vya wahitimu.

Mezani nikakuta barua ya afisa utumishi. Nikichelewa mara moja tu zaidi wiki hii, hatua zitachukuliwa. Hatua! Mimi kila asubuhi nachukua hatua elfu sita, nimezihesabu mwenyewe. Anataka zichukuliwe ngapi?

Meza ya pili anakaa shemeji, kaka wa mke wangu. Mtaa mmoja, ofisi moja, ila yeye ana gari. Kafika mapema, shati kavu, anazungusha funguo kidoleni. Hatusemeshani tangu nilipotangaza mbele ya wageni kwamba gari lake ni kopo. Mke wangu anasema nimwombe radhi yaishe, nipande naye. Thubutu! Mimi mtu mzima, nina akili zangu.

Jumanne, 4 Machi

Akili zimefanya kazi. Nimebandika tangazo kwenye ubao wa chini, kwa wino mwekundu: Nahitaji lifti kila asubuhi. Miguu imechoka. Mwenye uwezo wa kusaidia aje ofisi ya msajili, ghorofa ya tatu.

Kufika mchana, watu arobaini na mmoja wametia sahihi chini yake! Mmoja kaandika hata sisi tumechoka. Mkuu wa kitivo naye katia sahihi, na gari lake ni kubwa kama sebule. Sielewi. Labda mafuta yamemshinda.

Halafu afisa majengo kapanda mwenyewe, anahema. Kanishika mkono, kasema hatimaye kapatikana mtu jasiri. Nimeteuliwa mjumbe wa Kamati ya Lifti, kikao kesho. Chuo kina kamati ya kupakiana magarini, na mimi miaka tisa sijui! Shemeji kasikia yote. Funguo zimeacha kuzunguka.

Jumatano, 5 Machi

Kikao. Tai nimevaa.

Afisa majengo aliuliza inabeba watu wangapi. Fundi akasema sita, ila wakizidi wanne inagoma. Nikajua hapohapo, hilo ni gari la shemeji. Fundi akasema kupanda inapanda, tatizo ni kushuka. Nikashauri breki zikaguliwe. Wote wakatikisa vichwa kukubali, katibu akaandika. Kichwa kikavimba.

Basi nikauliza, itapita sokoni saa ngapi?

Fundi akaniomba nirudie. Nikarudia taratibu, kwamba mimi nakaa nyuma ya mashine ya kusaga unga, ipige honi tu, nitatoka. Afisa majengo akavua miwani. Fundi akacheka mpaka akashika meza. Kumbe wenzangu walikuwa wanazungumzia lile sanduku la chuma pale chini kwenye korido, la kupandisha watu ghorofani! Nimeanza kazi limeshafungwa kwa kufuli, fundi peke yake hulijaribu. Miaka yote nilidhani ni stoo.

Aibu gani hii! Lakini jina langu halikufutwa. Mjumbe ni mjumbe.

Alhamisi, 6 Machi

Chuo kizima kinacheka. Wanafunzi wananipigia honi kwa midomo. Mama wa kantini kaniletea chai, akauliza kama ipitie sokoni kwanza.

Angalau sikuchelewa. Niliondoka nyumbani hakujapambazuka, nikafika nikalala juu ya mafaili, na afisa utumishi akapita saa hiyohiyo. Kaandika kitu kwenye daftari lake.

Miguu imevimba. Mke wangu kaniwekea maji ya chumvi, akasema kaka yake hana kinyongo, imebaki siku moja tu, nisipoteze kazi kwa ajili ya kiburi. Moyoni nimeapa kwamba neno lifti nikilisikia tena, najua ni lile sanduku. Sidanganyiki mara mbili.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Miguu haiingii viatuni. Nikatoka na ndara.

Katikati ya kilima gari likasimama. Shemeji! Kashusha kioo, kasema yaliyopita yamepita, niingie anipe lifti. Nikamtazama hivi. Anadhani sijui? Nikamwambia lifti iko chuoni, ni mbovu, na mimi ni mjumbe wa kamati, kwa hiyo asinifundishe. Akauliza kama nina homa. Akafungua mlango. Nikamwambia aende zake na utani wake. Akafunga mlango, akaenda.

Nimefika nimelowa chapachapa, dakika arobaini zimepita. Afisa utumishi alikuwa mlangoni na saa yake.

Kuna jambo linanitatiza. Kama ulikuwa utani, mbona shemeji alikuwa ameshatandika gazeti kwenye kiti, nisikiloweshe?

Jumatatu, 10 Machi

Barua imekuja. Nimeifungua nikijua kazi imekwisha.

Umeshushwa ngazi moja kuanzia leo.

Nimeisoma mara tatu. Nikaruka juu! Kumbe kilio changu kimesikika! Kutoka ghorofa ya tatu mpaka ya pili, na bila hata kuomba. Na mimi nilikuwa namsema vibaya afisa utumishi, mtu mwenye huruma vile.

Shemeji naye kapata barua. Kapandishwa ngazi moja. Masikini, na yale magoti yake! Nimempa pole ya dhati. Akasema shemeji, leo twende wote nyumbani, tafadhali. Nimekataa kwa adabu. Mtu akiwa na huzuni asisumbuliwe.

Mke wangu kaisoma barua, kakaa kitandani, kashika kichwa kwa mikono miwili. Furaha imemzidi.

Na mimi sijalaza damu. Nimeshamwandikia afisa utumishi barua ya shukrani, kwa wino mwekundu. Namwomba, kama nafasi ipo, anishushe ngazi mbili zaidi, nifike chini kabisa.