Zambarau Yangu Katika Chupa ya Miwani

Jumatatu, 3 Machi
Mimi ndiye mkemia bora kuliko wote waliowahi kurudia mwaka wa kwanza mara tatu. Jaribio la mwisho limeanza leo. Nikianguka, chuo basi, narudi kwa mjomba kulisha kuku. Nimepewa shaba niigeuze fuwele. Miwani, jirani yangu wa meza, kapewa nikeli, kazi ni ileile. Nikamimina amonia kwenye maji ya shaba. Pua iliwaka moto, lakini rangi ikageuka buluu nzito, karibu zambarau. Nikaongeza spiriti, chembe za fuwele zinazometa zikashuka zenyewe. Miwani akauliza amonia nimepima kiasi gani. Nikamwambia fundi hapimi. Akasema ndiyo maana fundi yuko mwaka wa kwanza.

Jumanne, 4 Machi
Mwalimu anataka fuwele zikauke hewani siku mbili. Kwani samaki hawa? Nimezitia kwenye oveni, moto wa mwisho, nikaenda zangu kunywa chai.

Jumatano, 5 Machi
Sielewi. Sahani yangu ina unga uliopauka, kijani si kijani, kijivu si kijivu. Chupa ya Miwani imejaa zambarau. Zambarau yangu ileile! Nimefikiri hadi kichwa kikauma. Jibu ni moja: kabadilisha. Mpole vile, kumbe ana mkono mrefu. Alipokwenda kunawa nikarudisha haki: zambarau kwangu, unga kwake.

Alhamisi, 6 Machi
Siku ya mashine inayopima mwanga. Mwalimu kasema shaba huchora kilima kimoja, nikeli huchora viwili. Yangu ikachora viwili. Nikamweleza kwamba shaba yangu ina nguvu za ziada. Hakucheka. Akapima unga wa Miwani, akakuta shaba. Akauliza nani kabadilisha. Miwani alinitazama. Mimi nikatazama viatu.

Ijumaa, 7 Machi
Sifuri. Ati oveni imefukuza amonia pamoja na rangi. Itoke vipi, na mlango niliufunga mwenyewe? Mkuu wa chuo anatuita Jumatatu. Utetezi ninao: mashine mbovu. Na nikipewa shaba nyingine nitaongeza moto, ikauke kabla haijapauka.

Kuku wa mjomba siwaogopi. Ila sifuri ni mbili. Miwani naye kaandikiwa yake, kwa sababu mwalimu alimuuliza mara tatu kama ni yeye aliyebadilisha, Miwani akalia tu, na mimi nilikuwa nimekaa kando yake nimenyamaza.